Dar, Tanga, Mlalo: tulivyomrekodi bibi akirudi kwao

Tumerudi Dar mwisho wa Juni. Simulizi hii nimeijenga upya kutoka kwenye daftari la matumizi, picha, na video ambazo binti yangu mkubwa alirekodi njia nzima kwa simu. Tulikuwa tunampeleka mama yangu kwao Mlalo, milima ya Usambara, ambako hajakanyaga tangu msiba wa kaka yake, na kwa kuwa ilikuwa likizo ya mwezi wa sita tukaona watoto wapitie Tanga kwanza. Tulikuwa baba watoto na mimi, watoto watatu, na mama. Humu nitamwita bibi, kama wanavyomwita wao.

Kabla hatujaondoka niliwakalisha watoto nikawaambia jambo moja, nalo ndilo lililoongoza kila kilichorekodiwa: mlima hauendi popote, mtaukuta hata mkiwa wazee. Bibi ana miaka 76. Rekodini watu, rekodini wanavyoongea na wanavyocheka. Mlima mtaupata nyuma yao.

Maandalizi

Kamera yetu ni simu ya kawaida ya baba watoto. Tuliisafisha kwanza: video za zamani zikahamia kwenye kompyuta, na makundi ya WhatsApp yakafutiwa mizigo yake yote. Kwa ubora wa 1080p, dakika moja ya video hula kama megabaiti 100, zaidi au pungufu kulingana na simu. Ukiweka 4K nafasi inaisha haraka sana, na kwa mambo ya familia 1080p inatosha kabisa. Pesa tuliitia kwenye sauti. Kariakoo tulipata kipaza sauti kidogo cha waya, kile cha kubana kwenye kola, kwa shilingi 15,000, na pawabenki ya shilingi 45,000. Kama una pesa ya kitu kimoja tu, nunua kipaza sauti. Picha ikiwa na giza kidogo mtu huvumilia. Maneno ya mzee yasiposikika, umepoteza kile ulichokifuata.

Masharti yalikuwa mepesi. Simu ishikwe kwa ulalo. Mkono utulie angalau sekunde kumi kabla ya kuhama. Na kila kipande kianze kwa mtu kutaja siku, mahali, na nani wapo. Kitindamimba wetu, wa darasa la pili, alijitwalia kazi hiyo ya utangazaji na hakumwachia mtu mpaka tunarudi.

Ijumaa: Dar hadi Tanga

Tuliondoka kituo cha Magufuli, Mbezi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nauli shilingi 20,000 kwa mtu mzima, kitindamimba alipakatwa. Kutoka Dar hadi Tanga ni kama kilometa 350, na ukipita Chalinze barabara ni nzuri, ila spidi inadhibitiwa, kwa hiyo usipange kufika mapema.

Ndani ya basi hakuna cha kurekodi. Muziki ulikuwa juu toka Mbezi, na injini ilikuwa chini ya miguu yetu. Kuna na jambo jingine la kujua: wimbo wa mtu ukiingia kwenye video yako, siku ukitaka kuipandisha mtandaoni sauti inaweza kuzimwa yote, pamoja na maneno ya mtoto wako. Kwenye daraja jipya la Wami watoto waliomba simu, nikakataa. Madaraja makubwa, vizuizi vya polisi, bandari na maeneo ya jeshi, simu ikae mfukoni. Si pa kubishania.

Tukiwa tumeipita Mkata, mkanda wa feni ukakatika. Dereva akaegesha pembeni, kondakta akapanda bodaboda kurudi kutafuta mwingine, na abiria tukashuka kwenye jua. Tulikaa pale karibu saa mbili na nusu. Hatua chache kutoka barabarani palikuwa na kibanda cha mama lishe. Alipomwona bibi amesimama na mkoba wake, alitoka na benchi kichwani, akaliweka chini ya mwembe, akasema, "Mama, kaa hapa, hilo gari halina haraka na wewe." Akaleta chai ya rangi yenye tangawizi na maandazi mawili ya moto. Nilipotoa pesa akaisukuma: ya watoto utalipa, ya bibi hapana.

Hapo ndipo video ya kwanza ya maana ilipopatikana. Kitindamimba alimsogelea akasema, "Shikamoo. Leo ni Ijumaa, tupo Mkata, basi limeharibika. Wewe unapika nini?" Yule mama hakuacha kusonga ugali. Alijibu kila swali: kuni anazitoa wapi, anaamka saa ngapi, kwa nini maharage yake hayana nyanya. Mara bibi akadakia kutoka kwenye benchi kwamba maharage bila nyanya ndiyo yenyewe, na wale wanawake wawili wasiojuana wakaanza kujadili nazi, lini itiwe na kwa kiasi gani. Binti hakusogeza simu. Dakika sita nzima. Ukiniuliza nichague kipande kimoja cha kuokoa nyumba ikiungua, hicho ndicho.

Yule mama aliomba apelekewe. Tulimtumia usiku uleule, na hapa wengi hukosea: ukituma video kwenye WhatsApp kwa njia ya kawaida inabanwa, inafika ikiwa na ukungu. Itume kama waraka, yaani bonyeza alama ya kiambatisho, chagua waraka, kisha itafute video yako. Itafika kama ilivyo. Inakula bando zaidi, lakini mtu aliyekukaribisha anastahili nakala nzuri.

Kutoka Segera basi lilikunja kulia kuelekea Muheza, na mkonge ukaanza. Tulisimama kidogo kwenye meza za wauza machungwa, ndoo ndogo shilingi 4,000 na kisu wanakuazima. Mkonge uliletwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa kutoka Florida ilifika hai 62 tu, na kutokana na hiyo yakaja mashamba haya yote. Nilianza kuwasimulia watoto hayo, bibi akanikatisha. Baba yake alifanya kazi kwenye mkonge. Akaanza kueleza kipande, ile kadi iliyochorwa siku za kazi ambayo mtu halipwi mpaka aijaze, na korona, kiwanda cha kuchakatia majani, na harufu iliyokuwa ikirudi nyumbani kwenye nguo za baba yake hata zikifuliwa. Sijawahi kusikia habari hiyo maishani mwangu. Muziki wa basi ulikuwa umezimwa kwa sababu dereva alikuwa anaongea na simu, na binti alikuwa tayari amembana bibi kipaza sauti kwenye mtandio. Majani ya mkonge yanapita dirishani nyuma ya kichwa chake, safu kwa safu.

Tulifika Tanga jioni. Nyumba ya wageni Chumbageni, shilingi 35,000 kwa chumba, maji yapo, feni ipo.

Jumamosi: Mapango ya Amboni

Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi, shilingi 9,000 kwa watu sita na chai juu. Tanga asubuhi ni baiskeli. Watu wazima wenye suruali zilizopigwa pasi wanaendesha taratibu wakisalimiana, na watoto wangu wa Dar walisimama ukingoni mwa barabara kana kwamba wanaangalia gwaride.

Amboni ni kama kilometa nane kaskazini mwa mji. Tulichukua bajaji mbili, shilingi 10,000 kila moja kwenda na kusubiri. Kiingilio cha Mtanzania ni pesa ndogo, ila wanalipisha kwa namba ya malipo ya serikali, kwa hiyo uwe na salio kwenye simu. Noti mkononi haikusaidii. Vaeni viatu vya kufunga. Bibi alikaa nje kivulini na mhudumu, na hakuonyesha kujuta.

Mapango yenyewe ni ya mawe ya chokaa, maji yameyachonga kwa miaka isiyohesabika kirahisi. Kuna mahali unapita umeinama, kisha pananyanyuka kama ukumbi. Kiongozi wetu alikuwa mwalimu wa kuzaliwa. Alieleza habari za Osale Otango, yule mtu aliyesakwa na serikali ya Mwingereza miaka ya 1950 akawa anajificha humu, ambaye wengine wanamsema jambazi na wengine wanasema alikuwa akiwanyang'anya walowezi. Wazee wa hapa bado wanagawanyika juu yake, na kiongozi alitupa pande zote mbili bila kuegemea.

Kuhusu kurekodi gizani: simu haioni. Inajaribu kuongeza mwanga, picha inajaa chembechembe. Tulifanya hivi: kiongozi alielekeza tochi yake ukutani, siyo usoni mwa watu, mwanga ukarudi laini na nyuso zikaonekana. Halafu mahali penye popo wengi aliwaambia watoto wazime taa zote na wanyamaze. Binti aliacha simu inarekodi. Kwenye video hakuna picha kabisa, nusu dakika ni weusi mtupu, ila unasikia mabawa, unasikia tone la maji, kisha unasikia mtoto wangu wa kati akinong'ona, "Mama upo?" Mimi nikajibu nipo. Kuna watu wangefuta kipande hicho kwa kuwa hakina picha. Msifute.

Jioni tulikula pweza na mishikaki Raskazone. Futeni kioo cha kamera kwa kitambaa laini mkiwa pwani. Chumvi ya upepo inakiwekea utando na hamtaona mpaka mmerudi nyumbani.

Jumapili: Pangani

Bibi alipumzika, sisi tukapanda daladala hadi Pangani na kurudi. Tuliona kivuko kinavyopita kwenda Bweni, tukatembea kwenye majengo ya zamani ya karibu na mto, na nikawaonyesha watoto mji ambamo Abushiri bin Salim alianzia vita dhidi ya Wajerumani mwaka 1888 na ambamo walimnyonga Desemba 1889. Jua lilikuwa kali, mtoto wa kati akapata malengelenge mguuni, tukarudi mapema.

Jumatatu: Tanga hadi Lushoto

Basi dogo la Tanga kwenda Lushoto, shilingi 12,000. Linapita Muheza, Segera na Korogwe, njia tambarare yenye joto, sina la kuisimulia.

Mombo ndipo mambo yanapobadilika. Unaiacha barabara kuu ya Moshi, unaanza kupanda kilometa 33 za kona, ukuta wa mwamba upande mmoja na korongo upande mwingine, mto unapiga kelele chini. Hewa inapoa kona kwa kona. Hapo ndipo mtoto wa kati alipoanza kubadilika rangi. Kabla sijafungua mkoba, mama mmoja wa kiti cha nyuma alikuwa ameshanyoosha mkono na mfuko na kipande cha ndimu. "Mwambie anuse, asile. Na aangalie mbele, asiangalie pembeni." Akamvuta mtoto akamketisha kwenye nafasi yake karibu na dirisha, yeye akasimama mpaka Soni na furushi lake la kanga kwapani. Pale Soni maporomoko yanaonekana hapohapo barabarani. Watu wote wa basi walikuwa wameshajua habari za tumbo la mwanangu na wakawa wanamshangilia kwamba sasa pamebaki padogo.

Mpande njia hii mkiwa mmekula kitu kikavu, siyo chai ya maziwa. Viti vya mbele ndivyo vizuri. Na msimpe simu ya kurekodi mtoto anayesumbuliwa na kichefuchefu. Kutazama kioo kwenye kona kunamzidishia.

Lushoto ni juu, kama mita 1,400, na Juni ni baridi ya kweli. Sweta ni lazima, soksi za kulalia ni lazima, na ulizeni kama chumba kina mablanketi mawili. Tulilipa shilingi 40,000 kwa chumba, pamoja na uji asubuhi na ndoo ya maji ya moto kwa kila mtu.

Jumanne: Irente

Kutoka Lushoto mjini hadi Irente tulitembea sisi watano, bibi akaja na bodaboda ya taratibu, shilingi 4,000. Njia inapita kwenye bustani za kabichi, karoti na njegere, na kila mtu unayepishana naye anasalimia. Pale ukingoni ardhi inakatika. Chini kabisa unaona Mazinde na tambarare inayokwenda mpaka macho yachoke.

Kila mgeni pale alikuwa ananyoosha simu kuelekea bondeni. Binti yangu aliligeuzia bonde mgongo. Alimrekodi bibi, aliyekuwa ameketi juu ya jiwe amejifunga kitenge mabegani, akiwaonyesha wajukuu kwa kidole: kule ndiko treni ilikokuwa inapita, kule ndiko tuliposhuka kwa miguu na mjomba wenu mkubwa akiwa mgongoni mwangu. Bonde limo, nyuma ya kidole chake.

Upepo wa Irente ni mkali na kipaza sauti hakiupendi. Dawa tuliyoitumia ni soksi safi ya mtoto: ivishe kwenye kipaza sauti, kisha geuza mtu ageukie upande ambao mgongo wake unazuia upepo. Tofauti ni kubwa mno. Njiani kurudi tulinunua mkate na jibini kwenye shamba la Irente, tukala tukiwa tumekaa kwenye majani.

Jumatano na Alhamisi: Mlalo

Gari la Mlalo linaondoka likijaa. Tulikaa stendi Lushoto kuanzia saa mbili hadi saa nne kasoro, shilingi 5,000 kwa mtu, kisha tukaenda karibu saa mbili kwa umbali wa kama kilometa 30. Kuna vipande vya vumbi na kona nyembamba, na mvua ikinyesha ulizeni kwanza kama njia inapitika. Unapotokea juu na kuona Mlalo umelala bondeni, na zile nyumba zake za ghorofa zenye roshani za mbao, unaelewa kwa nini bibi alinyamaza tangu kona ya mwisho.

Sikutaka ashuke mbele ya kamera. Nilimwambia binti azime. Mtu aliyerudi kwao baada ya miaka anastahili dakika zake bila kutazamwa. Tulisikia tu shangazi zangu wakitoka na salamu za Kisambaa zilizofuatana bila pumzi, kila mmoja anauliza habari za mji, za mifugo, za watoto, na bibi anajibu kwa sauti ambayo Dar haitumii. Simu ilitoka baada ya chakula, na baada ya kuomba ruhusa. Babu mmoja, jirani, alisema hapendi kurekodiwa. Tuliiweka chini, akakaa nasi mpaka jioni na hadithi zake hazimo popote ila vichwani mwetu, na hiyo ni haki yake.

Usiku wa Jumatano, jikoni. Moto wa mafiga, sufuria ya makande ya kesho inasubiri, na bibi ana ungo mapajani anachagua maharage. Watoto walimwomba hadithi. Alisema Mbegha, yule mwindaji wa hadithi za Wasambaa, anasimuliwa kwa Kisambaa, Kiswahili kitamkalisha vibaya, basi akaanza kwa Kisambaa. Mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, kigego, mtoto wa nuksi kwao Nguu. Anakua mwindaji wa nguruwe, anaondoka na mbwa wake, anavuka misitu mpaka Usambara, na kila anapofika anagawa nyama. Anaua simba, watu wanamshika mkono, wanampa Vugha, mji mkuu wa zamani wa Wasambaa, atawale.

Watoto hawakujua hata nusu ya maneno. Lakini angalieni mikono ya bibi kwenye video hiyo. Kila Mbegha anapogawa nyama, bibi anasukuma fungu la maharage kwenye ukingo wa ungo, moja kuelekea kwa mjukuu huyu, jingine kwa yule. Anapofika kwa simba, mikono inasimama. Punje moja imebaki kati ya kidole gumba na cha shahada, haidondoki, mpaka simba amekufa. Hapo anaitupa kwenye sufuria na kila mtu jikoni anacheka. Tuliwasha taa moja ya sola nyuma ya binti na tukaacha moto ufanye mengine. Kabla ya kuanza tulibonyeza uso wa bibi kwenye kioo na kushikilia mpaka mwanga ukafungwa, ili picha isiwe inang'aa na kufifia kila moto unapocheza.

Asubuhi ya Alhamisi tulimkalisha tena, tukamwekea video yake ya usiku, naye akawa anaisimamisha na kueleza kwa Kiswahili: hapa nimesema hivi, hapa nimeruka, mama yangu alikuwa anaongeza mbwa wa tatu. Maelezo hayo nayo tuliyarekodi kwa simu ya pili. Kama wazee wenu wanaongea lugha ambayo watoto hawaijui, fanyeni hivi mkiwa bado pamoja nao. Usiseme utatafuta mkalimani baadaye. Mkalimani bora ni yeye mwenyewe, na anafurahi kujisikia.

Jioni shangazi akafungua sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda. Chini ya mashuka, limefungwa kwa kanga, lilikuwa kasha jeusi la plastiki: mkanda wa video wa harusi ya mjomba, mwaka 1994. Mjomba ndiye yule kaka wa bibi aliyefariki. Deki iliyokuwa ikiucheza iliharibika zamani, na hakuna aliyekuwa na nyingine Mlalo, wala Lushoto mjini walipouliza. Shangazi hakuutupa. Alisema alijua kuna siku atatokea mtu wa kuuliza. Kwenye kidirisha cha kasha tuliona ukungu mweupe ukingoni mwa utepe.

Ijumaa na Jumamosi

Ijumaa tulishuka Lushoto. Jumamosi basi la alfajiri la moja kwa moja hadi Dar, shilingi 25,000, na safari ilikwenda salama, wote tumelala.

Nyumbani: kuhusu ule mkanda

Naandika haya kirefu kidogo kwa sababu najua kuna masanduku mengi ya bati yenye mikanda kama huu, na muda unakwisha. Mikanda ya VHS ilianza Japani mwaka 1976, na kampuni ya mwisho iliyokuwa bado inatengeneza deki, Funai, iliacha mwaka 2016. Zilizopo zinazeeka, na mafundi wake wanazeeka nazo.

Usichukue mkanda wenye ukungu ukautia kwenye deki ya jirani ili kujaribu. Ukungu unachafua vichwa vya deki, unahamia mkanda unaofuata, na utepe ulionata unaweza kukatika. Fundi tuliyempata Kariakoo alifungua kasha kwa bisibisi, skrubu tano, akatoa rili, akafuta utepe polepole kwa kitambaa kisichotoa nyuzi na spiriti kidogo, akauacha ukauke, kisha akauhamishia kwenye kasha jipya. Baada ya hapo ndipo akauunganisha na kompyuta. Kuhamisha huchukua muda uleule wa video yenyewe, hakuna kuharakisha, kwa hiyo ukimwona mtu anakuahidi saa tatu za mkanda kwa nusu saa, ondoka. Alitutoza shilingi 40,000 kwa kusafisha na kuhamisha.

Mwanzo umeharibika, mistari tu. Kisha picha ikakaa, na mjomba akatokea akitembea kuelekea kwenye kamera, koti kubwa kuliko mabega yake, akimwuliza mpiga picha kwa Kisambaa kama mashine inafanya kazi. Bibi alikuwa kwenye kochi. Akamjibu. Inafanya, kaka, inafanya.

Sasa kuhusu kutunza. Video za safari na za mkanda tumeziweka kwenye kompyuta, kwenye diski ya nje iliyoko kwa dada yangu Morogoro, na kwenye flashi aliyopelekewa shangazi Mlalo pamoja na simu yenye nafasi ya kuichomeka. Sehemu tatu, miji mitatu. Majina ya faili yanaanza na tarehe, mahali, kisha watu: "2025-06, Mlalo, bibi, Mbegha". Hatukuunganisha muziki, hatukupamba. Tumekata tu mwanzo na mwisho, na asili zote tumezibakiza.

Kazi iliyobaki ni majina. Tunaisimamisha video ya harusi, bibi anasema huyu ni fulani mtoto wa fulani, na binti anaandika kwenye daftari dakika na sekunde. Wanawake wawili wanaocheza karibu na mlango, mmoja ana kilemba cha njano, bibi hawakumbuki. Kuna shangazi mwingine Korogwe ambaye alikuwa mpishi siku ile. Tutampelekea mwezi wa nane, na kipaza sauti kitakwenda nasi.